Eti ni kubonyeza tu? Nilibonyeza, watu wakakaa chini!

WAHENGA walinena, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi, mpenzi msomaji, wakunga niliwatukana. Tena si kwa mdomo, kwa maandishi, na malipo ya makala nikachukua, nikanunulia viatu.

Kama wewe ni msomaji wa siku nyingi wa safu hii utakumbuka. Mwaka jana niliandika kwamba muziki wa kompyuta si muziki. Nikasema mwanamuziki ni yule anayepiga gitaa mpaka vidole vinaota sugu, si kijana anayekaa nyuma ya laptopu akibonyeza vitufe kama karani wa benki. Singeli nikaiita kelele zenye haraka ya kwenda msalani. Wengi mlinipigia simu mkanipongeza. Mzee mmoja wa Magomeni, aliyewahi kupiga besi kwenye bendi za dansi, alisema nimemkosha roho.

Leo nafuta kauli. Hakuna aliyenitisha wala aliyenihonga. Yaliyonikuta yamenitosha.

Ilikuwa Ijumaa, Manzese, shughuli ya binti wa shangazi yangu. Si unajua shughuli zetu uswahilini zilivyo. Mtaa umefungwa kwa maturubai, sufuria za pilau zinapishana na ndoo za juisi, na ikifika saa nne za usiku kinaanza kigodoro mpaka majogoo. Maspika yamepangwa makubwa kwa madogo, moja limefungwa na kamba ya manila lisidondoke.

Nyuma ya maspika hayo alikaa kijana, umri wake kama miaka 20. Kandambili, fulana ya timu ya Ulaya iliyochuja mpaka nembo haisomeki. Mezani ana laptopu iliyong'oka vitufe viwili. Pembeni kuna feni, lakini feni lile halimpepei yeye, linapepea laptopu isichemke. Yeye jasho linamtiririka, mashine inakula upepo.

Nikamwendea. Nia yangu ilikuwa kumwomba apunguze sauti, maana shangazi alikuwa na wageni wazee. Kabla sijafungua mdomo akanitazama, akatabasamu.

"Wewe si ndiye dada wa gazeti? Uliyesema sisi tunabonyeza tu?"

Nikajifanya sijasikia. Wapi! MC alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo na kipaza sauti mkononi, akadaka.

"Jamani eeh! Leo dada mwandishi anashika mashine!"

Mtaa mzima ukashangilia. Kukimbia nisingeweza, maana ni shughuli ya kwetu. Yule kijana akasimama, akanipisha kiti kwa heshima kabisa. "Karibu dada. Kitufe hiki kinaleta kipande kingine, hiki kinaondoa ngoma, huu mshale ni mwendo. Bonyeza tu."

DAKIKA TATU ZA AIBU

Basi bwana, nikabonyeza. Nilichagua kipande kitamu cha kinanda ambacho mwenyewe kilinipendeza, nikakiingiza. Wanawake waliokuwa wamejifunga kanga viunoni wakasita kidogo, wakatazamana. Nikaondoa ngoma nikidhani nawapa utamu. Wakasimama. Nikarudisha ngoma haraka, nikaongeza mwendo ili nifunike makosa. Ndiyo kwanza nikawaua! Mama mmoja mwenye kijora cha zambarau akapaza sauti, "Mwanangu, huo umeme umekatika au vipi?" Watu wakacheka, kisha wakaanza kurudi kwenye viti. Dakika tatu tu, uwanja uliokuwa hauna pa kutia mguu ukabaki na watoto wawili na mlevi mmoja. Shangazi akaniangalia jicho ambalo sitalisahau.

Kijana akanigusa bega, nikampisha. Hakukimbilia kubonyeza. Alisikiliza kwanza, kichwa kikihesabu. Halafu akagusa kitufe kimoja. Kimoja tu! Ngoma ikaingia peke yake. Akaiacha. Akaiacha tena. Mimi nilishaanza kuchoka, lakini nikaona yule mama wa kijora cha zambarau anainuka kitini polepole kama anayevutwa na uzi. Kijana akaleta kinanda, mtaa ukalipuka.

Usiku ule sikupata usingizi. Si kwa kelele, bali kwa swali. Kama kweli ni kubonyeza tu, na vitufe ni vilevile, kwa nini mimi niliwakalisha na yeye akawainua?

SOMO LA CHUMBANI

Jumapili nikaenda kwake. Ni chumba kimoja cha kupanga, kitanda, ndoo mbili, na ile laptopu juu ya stuli. Akanifundisha bila majivuno.

Kwanza akanieleza mwendo. Muziki wa nyumba za starehe za Ulaya na Marekani uitwao hausi huenda midundo kama 120 kwa dakika, yaani miwili kila sekunde. Singeli inaanzia kama 200 na hufika hata 300. Chukua 240. Hiyo ni midundo minne kila sekunde. Kabla hujamaliza kusema "Manzese Tip Top", minne imeshapita.

Nikamuuliza, sasa binadamu anachezaje kitu chenye kasi hiyo bila kuzimia? Akacheka. "Dada, miguu inahesabu yote, kiuno kinahesabu nusu. Wewe juzi uliongeza mwendo ghafla, kiuno kikapotea."

Hebu piga hesabu mwenyewe. Nusu ya 240 ni 120, mwendo uleule wa hausi! Tunaowaona kama wamepagawa, kumbe viuno vyao viko kwenye mwendo wa kistaarabu kabisa.

Kosa langu la pili ni kwamba muziki huu unatembea kwa mafungu, midundo minne, minane, kumi na sita. Mchezaji hahesabu kwa mdomo, lakini mwili wake unajua badiliko linakuja wapi. Mimi nilileta kipande kipya katikati ya fungu. Ni kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akadhani kuna kidato kimoja zaidi, kumbe amefika chini. Atapepesuka.

Kisha akanionyesha anavyotengeneza biti. Anachukua kipande kifupi cha kinanda, labda cha taarabu, sekunde chache tu. Anakikata mwanzo na mwisho, anakizungusha kijirudie bila mshono kusikika, anakikimbiza. Ukikimbiza sauti bila kuidhibiti inapanda na kuwa nyembamba kama ya mtoto, ndiyo maana sauti nyingi za singeli zinalialia. Hapo juu anapandisha ngoma. Kazi ya mshono ule ilimchukua saa nzima mbele yangu, mara ishirini na kitu akifuta na kurudia. Mimi masikio yangu yalisema mara ya nne tayari ni sawa. Yake yakakataa.

Nikakumbuka ule ukurasa nilioujaza kwa kejeli. Niliuandika kwa dakika arobaini.

HAWAKUANZA LEO

Msomaji, usidhani Manzese ni ya kwanza kudharauliwa. Nilipoanza kusoma habari za muziki huu wa mashine nilikuta kisa chetu kilishatokea mbali, Chicago, Marekani.

Mwaka 1977 pale Chicago lilifunguliwa klabu liitwalo Warehouse, yaani ghala. Aliyeletwa kupiga santuri ni kijana kutoka New York, Frankie Knuckles. Waliojaa humo wengi walikuwa weusi na walatino, na wengi wao mashoga, watu waliofukuziwa milango kwingine. Jina la muziki wa hausi linatokana na klabu hiyohiyo.

Wakati huo disko lilikuwa na maadui wengi. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park hukohuko Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliita watu waje na santuri za disko zilipuliwe. Ukija na santuri unaingia kwa senti 98. Wakaja makumi ya maelfu. Santuri zikarundikwa, zikalipuliwa, watu wakavamia uwanja, na mchezo wa pili wa siku ile haukuchezwa tena.

Sasa sikia hili. Miongoni mwa wafanyakazi wa kuonyesha watu viti pale uwanjani alikuwepo kijana mweusi, Vince Lawrence, aliyekuwa akidunduliza fedha anunue kinanda cha umeme. Yeye amesimulia kwamba santuri nyingi walizoleta watu hazikuwa hata za disko, zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Unaona? Chuki ilisema ni ya muziki, kumbe ilikuwa na jina lingine. Kijana huyo ndiye aliyekuja kushirikiana na Jesse Saunders kutoa "On and On" mwaka 1984, moja ya santuri za kwanza kabisa za hausi.

Na vifaa vyao je? Vya dezo dezo. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ndogo, TB-303, mwaka 1981, ikikusudiwa kumsaidia mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Haikufanana na besi hata kidogo. Ikadoda, na mwaka 1984 wakaacha kuitengeneza. Zikabaki kuuzwa bei ya kutupa, vijana wa Chicago wakazichukua, wakazungusha vifundo vyake hovyo mpaka ikatoa mlio wa kunung'unika ambao hakuna Mjapani aliyeukusudia. Kundi la Phuture likatoa "Acid Tracks" mwaka 1987. DJ Pierre wa kundi hilo husimulia kwamba DJ Ron Hardy alipoupiga kwa mara ya kwanza klabuni watu waliondoka uwanjani. Akaupiga tena, na tena. Mara ya nne watu wakawa kama wamepandisha mashetani.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Kumbe hata wao walikalisha watu! Tofauti ni kwamba Ron Hardy alijua anachokifanya, mimi nilikuwa nabahatisha.

Sisi nasi tuna TB-303 yetu. Muulize yeyote aliyekulia Dar es Salaam miaka ya 1990 kuhusu mchiriku. Vijana wa uswahilini walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo wengine walinunulia watoto wachezee, wakaviunga kwenye amplifaya chakavu na maspika ya tarumbeta, wakaviweka juu ya midundo ya ngoma za Kizaramo. Wakaambiwa ni wahuni. Moja ya makundi hayo, Jagwa Music, lilikuja kutoa albamu Ulaya mwaka 2012, "Bongo Hotheads". Singeli ni mtoto wa mchiriku. Jina la uhuni karithi kwa wazazi.

BITI KWENYE DALADALA

Nikamuuliza kijana wangu, sasa maisha yanakwendaje? Akanyamaza kidogo.

Akaniambia siku moja alikuwa kwenye daladala, akasikia biti yake redioni. Ileile aliyokesha nayo siku tatu. Juu yake anaimba msanii ambaye jina lake sitalitaja, maana sikumpata anijibu. Biti ile alikuwa ameiuza shilingi elfu ishirini kwa mtu aliyesema ni ya kufanyia mazoezi. Aliichukua kwa flashi, hakuna karatasi, hakuna sahihi. Mtangazaji alipomaliza kuucheza wimbo alimsifu mwimbaji, akamsifu meneja, akasifu hadi video. Aliyetengeneza muziki hakutajwa.

"Kinachoniuma," akasema, "nikiipiga shughulini watu wananiambia, DJ, na wewe unaupenda wimbo wa fulani eeh?"

Nikabaki mdomo wazi.

Wako waliotoka, tusikatae. Msaga Sumu anaitwa mfalme wa singeli. Man Fongo alitikisa na "Hainaga Ushemeji" mwaka 2016. Lakini hao ni waimbaji. Watengenezaji wetu walianza kuandikwa kwa herufi kubwa na watu wa mbali. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao "Sounds of Sisso", kutoka studio ya Sisso ya Mburahati. Lebo hiyo jina lake... msomaji usicheke... ni Nyege Nyege Tapes. Tulia! Wenyewe wanasema wamelitoa kwenye neno la Kiganda lenye maana ya hamu isiyozuilika ya kucheza. Hata Uganda jina hilo limewaletea zogo. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa huko alitaka kulizuia tamasha lao, na mwaka 2022 bunge nalo likajaribu. Mara zote likafanyika.

Kupitia lebo hiyo Bamba Pana, Jay Mitta, Duke na Sisso mwenyewe wametoa albamu kwa majina yao. DJ Travella, kijana mdogo kabisa, alitoa "Mr Mixondo" mwaka 2022. Vijana wa mitaa yetu wamepanda ndege kwenda kupiga Ulaya, na huko kwenye bango jina linaloandikwa kubwa ni la huyo "mbonyezaji". Hapa nyumbani jirani yake anamuuliza lini atatafuta kazi.

Lakini hata hao wa mbali si malaika. Larry Heard wa Chicago, aliyetengeneza "Can You Feel It" ya mwaka 1986, yeye na mwimbaji Robert Owens ilibidi waishitaki kampuni iliyotoa kazi zao za zamani. Walifungua kesi mwaka 2020, ikamalizwa mwaka 2022 kwa makubaliano, wakarudishiwa haki za kazi zao. Toka 1986 mpaka 2022! Mtoto aliyezaliwa siku wimbo ulipotoka alikuwa mtu mzima wa miaka 36, pengine mwenye watoto wake.

Hiyo ndiyo hatari ya elfu ishirini na flashi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo Tanzania, na COSOTA wapo, kazi husajiliwa. Ila sheria haiwezi kumtetea mtu ambaye hakuna karatasi inayoonyesha yupo. Mdogo wangu unayesoma hapa na una biti kwenye laptopu, kabla hujaitoa andikishaneni. Hata kwenye karatasi ya daftari: jina lako, jina la biti, tarehe, bei, na imeuzwa kwa matumizi gani. Anayekataa kuandika ameshakwambia anachotaka kufanya.

NA SISI WAANDISHI JE?

Hapa ndipo makala yangu inaponirudi mwenyewe. Jioni ile nilipofika nyumbani nilitoa makala zangu zote za muziki, nikazisambaza kitandani. Nikahesabu nyimbo nilizozitaja. Ishirini na saba. Nikahesabu ni mara ngapi nilimtaja aliyetengeneza muziki wenyewe. Mara mbili, na mara moja kati ya hizo nilikuwa namcheka.

Yule msanii alichukua biti. Mtangazaji alichukua sifa akampa mwingine. Mimi nilichukua ukurasa mzima kusema huyo mtu si mwanamuziki. Nani kati yetu kamwibia zaidi?

Nilimwambia kijana kwamba safari hii namtaja, jina kamili, mtaa, na picha akitaka. Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Dada, usinitaje bado. Yule jamaa ndiye ananipa shughuli mbili tatu kwa mwezi. Akisoma, ataniacha. Kodi ya chumba ni mwisho wa mwezi."

Ndiyo maana, mpenzi msomaji, umesoma makala nzima kuhusu mtu asiye na jina. Si kwamba nimesahau tena. Jina lake ninalo kwenye daftari, na siku atakaponiruhusu nitaliandika hapa kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha habari.

Mpaka siku hiyo ifike, kuanzia wiki hii kila wimbo nitakaoutaja kwenye safu hii nitamtaja na aliyeutengeneza. Nisipomjua nitapiga simu. Nikikosa, nitaandika kwamba nimemkosa, ili mwenye nacho ajitokeze.

Na wewe ukienda kwenye shughuli, kabla hujamtunza mwimbaji ile noti, tupa jicho nyuma ya maspika. Kuna mtu pale anahesabu kwa niaba ya kiuno chako.

Mzee wangu wa Magomeni, najua simu utanipigia. Nipigie. Ila kwanza nenda ukabonyeze.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na wewe shangazi, nisamehe kwa zile dakika tatu.